Isale Nililoling'oa Kahe

Shirimatunda, Jumamosi mchana

Mwanangu Manka,

Mambo ya kuulizana hali tuyaruke. Yangu unaijua, na yako naijua: asubuhi hii nimekuona ukimaliza bakuli la pili la mtori huku unasema huna njaa. Umepanda Marangu na baba yako kumuaga bibi, na mimi namjua mama mkwe wangu, hatakuachia mpaka umeonja kila kilichoko jikoni kwake. Kwa hiyo nina mchana mzima, nina meza, na nina kalamu yako moja nzuri niliyoichukua bila ruhusa.

Sikuandikii habari za sweta. Habari za sweta, za kula vizuri, za kusali na za wanaume tumeongea wiki nzima mpaka ukawa unanijibu kabla sijauliza. Barua hii utaikuta ndani ya daftari lako la jalada la bluu, lile la Kahe, ulilolitupa kwenye boksi la magazeti ya kuwashia moto. Nililitoa mimi. Nimelitunza miaka mitatu chini ya vitenge vyangu. Leo nimelitia kwenye sanduku lako, chini ya viatu, na nakuomba usikasirike mpaka umalize kusoma.

Lakini kwanza niache nijisifu, maana nisipojisifu mkono wangu hauandiki.

Binti yangu anakwenda Japani! Nimemwambia muuza nyama. Nimemwambia dada wa posta. Nimemwambia padri, ambaye alikuwa ameshaambiwa na katekista, ambaye nilimwambia mimi. Juzi sokoni mteja ananiuliza bei ya blauzi, namwambia, "Hiyo inafanana na aliyoivaa mwanangu kwenye picha ya pasipoti." Akainunua! Wakiniuliza unakwenda kusomea nini, nasema unakwenda kujifunza namna ardhi inavyodanganya watu, na namna ya kuikamata kabla haijadanganya. Wanatikisa vichwa. Baba yako ananiambia, "Apolonia, wewe hata mvua ikinyesha utasema umeiita." Namjibu, mvua sijaiita, lakini huyu nimemzaa.

Na niliyemzaa ni mimi, wa darasa la nne, niliyejenga nyumba tatu. Ya kwanza ya mbao kule kihambani, shamba la ukoo huko mlimani, wakati kahawa bado ilikuwa inasomesha watoto. Bei ya kahawa ilipoanguka watu wakang'oa mibuni huku wanalia. Mimi sikulia. Mambo ya ruksa ya biashara yalipokuja nilishuka mjini na mikungu ya ndizi, nikarudi na belo la mitumba, na wanaume wa ukoo wakasema mke wa fulani amepotea. Nyumba ya pili ni hii, ya tofali za saruji. Ya tatu ni ile ya kupangisha hapo nyuma. Hakuna hata moja yenye ufa. Basi nikajiambia kwamba najua kujenga. Hapo ndipo shida ilipoanzia, Manka. Nyumba zote tatu nilizisimamisha juu ya udongo wa mlima, mwekundu, unaoshikana kama ugali uliosongwa vizuri, na mimi nikadhani kinachozishikilia ni akili yangu.

Kisha nikanunua zile eka mbili za Kahe. Ulikuwa sekondari. Unakumbuka tulipochimba kisima? Mzee Rajabu, anayetutunzia shamba mpaka leo, hata jasho halijamtoka, maji haya hapa. Urefu wa mikono miwili tu! Nikapiga vigelegele peke yangu. Mtu wa mlimani akiona maji hawezi kunyamaza. Babu zetu waliuchonga mlima kwa majembe kuleta maji ya mfongo, mfereji wetu, mpaka mlangoni, ndugu wakanuniana miaka kwa sababu ya zamu ya mfongo, na huku tambarare maji yananisubiri chini ya miguu yangu kama mbwa wa nyumbani. Nikasema hii ndiyo ardhi. Siku ileile nikaotesha masale, mmea wetu wa mipaka, kwenye pembe nne.

Mzee Rajabu akacheka. "Mama Manka, huku kwetu mmea huo ni pambo."

Nikamwambia, "Kwetu ni shahidi."

Sasa habari ya wodi. Unaijua, lakini unaijua upande mmoja.

Ilianza na Mama Tekla, wa kigango cha kule Kahe, aliyejifungulia juu ya mkokoteni wa ng'ombe akipelekwa hospitali. Mtoto alitoka mzima, mama nusura asitoke. Akina mama wa kigango wakasema basi, tunajenga wodi ya wazazi yetu wenyewe, vyumba viwili, mkunga tutampata. Kiwanja kiko wapi? Mimi nikasimama, unanijua, nikasema kiwanja hiki hapa, ni changu, kiko kando ya barabara, chukueni. Walipiga makofi mpaka mikono ikawauma. Katibu akasema mlangoni paandikwe Wodi ya Mama Apolonia. Manka, hapo hapo niliona hata rangi ya maandishi. Bluu.

Na kumbe Chuo Kikuu mwalimu wako alikuwa amewaambia kila mmoja atafute kiwanja karibu na kwao akipime, aone tetemeko la ardhi likija udongo wake utafanya nini. Ukanipigia simu dukani kwa jirani. Nikasema njoo, kiwanja kipo, na nikawatangazia akina mama kwamba mpimaji wetu hatoki mbali, ametoka tumboni mwangu.

Ulikuja na keekee ndefu ya kutobolea udongo, na kile chuma chenye ncha chenye nyundo inayopanda na kushuka. Ulishika tepu, ukapima kutoka kwenye isale la pembe ya mashariki, ukachomeka vigingi vinne pale wodi itakapokaa. Ukatoboa mashimo mawili. Ukatoa mchanga wa kijivu, ukauweka kwenye kiganja, ukakipiga kiganja chako kwa chini kama mtu anayemtuliza mtoto, na maji yakang'aa juu ya mchanga. Ukatafuna mdomo wa chini. Tangu mtoto ulikuwa unautafuna hivyo ukivunja kitu.

"Mama, leta beseni."

"La nini?"

"Leta tu. Na pasi."

"Unapiga pasi saa hizi?"

Ukajaza beseni mchanga wa shimo lako, ukamimina maji, ukaweka juu yake pasi yangu ya mkaa. Ikakaa imetulia kama askofu kwenye kiti. Mzee Rajabu akasema, "Mbona hapo ni pagumu!" Ukachukua mwiko, ukaanza kugonga ubavu wa beseni, polepole, ta, ta, ta. Maji yakapanda juu. Mchanga ukalegea ukawa uji. Pasi ikainama upande, kisha ikazama mpaka mpini.

"Ruwa wangu, Mungu wangu! Pasi yangu!"

Ulicheka, lakini kidogo. Ukanieleza kwa maneno ambayo nimeyashika kama sala. Mchanga huu ni mwembamba, chembe zake zinalingana, haujashindiliwa, na umejaa maji. Ardhi ikitikisika, chembe zinataka kubanana, lakini maji yaliyo katikati hayana pa kwenda, basi yanazibeba chembe, na kwa kitambo kile kifupi ardhi si ardhi tena. Jina lake la kitaalamu ulinitajia, sikuliweza. Mimi nasema udongo kugeuka uji.

Nikakuuliza, "Lini umesikia tetemeko limeangusha nyumba Kahe?"

"Sijasikia. Na huu mlima, Mama, unadhani uliotea hapa kama mgomba? Ulitoka chini. Sisemi tetemeko litakuja. Napima likija itakuwaje."

"Likija watakimbia."

"Mwanamke aliye kwenye uchungu hakimbii."

Hukusema kwa ukali. Ulikuwa unaitoa pasi kwenye matope. Ukasema kesho utapiga nyundo na kuhesabu: chuma kikizama kwa mapigo machache, utawaambia akina mama watafute kwingine, kikikataa kuzama, tutaongea.

Sasa sikiliza alichofanya mama yako.

Alfajiri, wewe umelala kwenye kibanda cha Mzee Rajabu na daftari kifuani, mimi niliamka. Nilikuwa najua kwamba nyuma ya shamba, upande wa magharibi, kulikuwa na kichuguu kikubwa kabla hatujanunua, trekta likakisawazisha. Kwa macho huoni tofauti, shamba lote lilikuwa limelimwa, na yale mashimo yako ulikuwa umeyafukia ili ng'ombe wasivunjike miguu. Lakini jembe lilikuwa linajua. Pale kwenye kichuguu jembe linaruka. Nikaving'oa vigingi vyako vinne, nikavichomeka juu ya kichuguu kwa mpangilio uleule. Nikawa narudi, nikakumbuka tepu. Wewe unapima kutoka kwenye isale. Ukipima tena, utanikamata.

Manka, mimi ni binti wa mzee aliyekuwa anaitwa kuamua kesi za mipaka ukoo mzima. Niliona kwa macho yangu mtu aliyehamisha isale la jirani akikosa wa kunywa naye mbege mpaka akafa. Nikainama, nikalishika isale kwa mikono miwili, nikaling'oa. Nikaenda nalo hatua kumi na mbili kuelekea magharibi, nikaliotesha, nikalimwagia maji ili lisinyauke likanisema.

Mzee Rajabu alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Mama Manka, hilo isale limekukosea nini?"

"Lilikuwa linapata upepo mbaya."

Akanitazama. "Aa. Basi na mimi bado sijaamka." Akaingia ndani.

Ulipokunywa chai ulipima tena, kama nilivyojua. Tepu ikakubali. Ukapiga nyundo. Mapigo ishirini na nane, chuma kimeingia shubiri moja. Ukahamia kigingi cha pili, hivyo hivyo. Akina mama walikuwa wamekuja kutazama, nao wakapiga vigelegele, na aliyeanzisha ni mimi.

"Mama, haiwezekani. Shimo linasema hivi, nyundo inasema vile."

"Basi nyundo ni kubwa kuliko shimo."

"Msianze kujenga mpaka nirudi. Tafadhali."

Nikasema sawa. Jumapili iliyofuata nikatangaza kigangoni: mwanangu amepima, amesema ni pagumu, tuanze. Wewe hukusema hivyo. Nilisema mimi kwa mdomo wako.

Utauliza kwa nini basi hatukujenga pale pale juu ya kichuguu. Kwanza kichuguu ni ganda tu, hata mimi nilijua chini yake ni mchanga uleule. Pili, kilikuwa nyuma ya shamba, na mimi nilitaka mlango utazame barabarani, watu wasome jina. Kwa hiyo uliporudi Chuo nilirudisha vigingi mahali pake, na isale nikalirudisha. Lilishika, lakini mpaka leo limeinama upande mmoja.

Kule Chuo mwalimu wako alilitazama daftari hili, mashimo na nyundo, akakuambia namba hizi haziwezi kuwa za kiwanja kimoja. Ama hukupima, ama hukujua ulikopimia. Ukairudia kazi yote mwaka uliofuata, kwenye kiwanja kingine. Wenzako walivaa majoho, wewe ukawashikia mikoba wakati wa picha. Uliniandikia hayo yote. Barua ile niliisoma nimesimama.

Na kabla haijafika hiyo barua lilishafika lori.

Tulikuwa tumechimba msingi, na msingi wenyewe ulikuwa unajifukia kila asubuhi, maji yanatoka chini, kingo zinamomonyoka. Nikasema ni kwa sababu ya mvua. Ilikuwa kiangazi. Lori la mawe likaja kutoka mlimani, nikamwelekeza dereva kwa mkono, njoo, njoo, simama hapo. Injini akaiacha inaunguruma, watu wanashusha mawe, na ardhi ikawa inatetemeka kidogo tu, kama beseni linalogongwa na mwiko. Nikaona maji yanang'aa karibu na gurudumu la nyuma. Kabla sijafungua mdomo lori lilikuwa limekaa kama ng'ombe anayejifungua.

Dereva akaruka. "Mama! Umeniambia niegeshe kiwanjani, hukuniambia ni ndani ya uji! Nani amepima hapa?"

Mmoja wa akina mama akasema, "Mwanawe. Yuko Chuo Kikuu."

"Aisee. Mwambieni arudi na jembe aje anifukue."

Kicheko cha watu kilifika mpaka relini. Na hapo, mwanangu, ndipo ulipozaliwa Mhandisi wa Lori. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Ningeweza kusema neno moja tu. Nikacheka nao.

Lori lilitolewa na trekta baada ya siku mbili. Mimi nikawaambia akina mama tuhamie kwa Mama Tekla, pale penye kilima kidogo, nikasema pana upepo mzuri. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwanza kwake kuuliza kisima chake kina urefu gani. "Kirefu, mama, kamba inatuchosha," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifurahi kusikia maji yako mbali. Nikachimba kidogo kwa jembe, udongo mwekundu, unashikana. Huo upimaji niliuiba kwako. Wodi iko pale, imara. Mlangoni pameandikwa Wodi ya Mama Tekla. Kwa rangi ya bluu, wamenikomoa hata wasijue.

Wewe ulikuja Krismasi. Tulikwenda misa Kahe, na akina mama wakakupokea, "Karibu, Mhandisi wa Lori!" Ukacheka vizuri, una adabu. Jioni jikoni hukula. Ukaniuliza, "Mama, nilikosea wapi? Nimerudia kichwani kila hatua. Nilikosea wapi?"

Nikakujibu, "Kila mtu hukosea, mwanangu." Nikakuongezea nyama.

Nimefanya mambo mengi mabaya. Niliwahi kumuuzia mtu koti lenye tundu nikamwambia ni mtindo. Niligombana na wifi yangu miaka minne kwa ajili ya sufuria. Lakini ile nyama, Manka. Hiyo ndiyo ninayoiona nikipiga magoti.

Usidhani nilinyamaza kwa sababu sikukupenda. Nilinyamaza kwa sababu nilijipenda nikiwa mama yako. Mama wa msomi, mjenzi wa nyumba tatu, hawezi kuwa mwanamke aliyeng'oa isale alfajiri kwa mikono yake. Nilidhani aibu itakauka yenyewe kama matope. Haikukauka. Kila mwaka uliopita iliongezeka maji.

Na wewe ukawa mtu wa kupima mara tatu. Nilisikia yule mgeni wa Kijapani aliyewahoji kwa ajili ya nafasi ya masomo alikusifia kwa hilo, kwamba hajaona mwanafunzi anayerudia kipimo bila kuambiwa. Shetani wangu wa kujisifu ananinong'oneza kwamba hata hiyo ni kazi yangu. Namkanya. Hiyo ni yako, uliijenga mwenyewe juu ya mchanga niliokuwekea mimi, na haikuzama.

Lakini wiki mbili zilizopita, unakunja nguo zako, ulisema kitu. Ulidhani nahesabu soksi. Ulisema, "Mama, wakati mwingine nafikiri nisiende. Kule wanapima ardhi ya watu milioni. Mimi sikuweza kupima kiwanja cha mama yangu."

Basi. Jumapili iliyopita nilipokuambia nakwenda Kahe kuvuna mahindi, sikuvuna hata bunzi. Baada ya misa nilisimama mbele ya kigango. Nilisema yote, vigingi, isale, kichuguu, na lori. Nilisimama kama nilivyosimama siku ya kutoa kiwanja.

Mama Tekla ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo miaka mitatu tunamcheka mtoto, na wewe unacheka nasi?"

"Ndiyo."

"Na yeye alikuwa ameshaona mchanga ule siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza. Aliushika kiganjani tu."

Mtoto wake wa mkokoteni alikuwa anamvuta kitenge. Nyuma kule mtu akasema, "Sasa lile jina la lori tumpe nani?" na mwingine, "Si mwenyewe huyo hapo amesimama!" Wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa changu. Mimi ndiye Mama wa Lori. Nimelipokea. Ndilo jina pekee nililolipata Kahe kwa haki. Nawe wameniambia nikuambie, kwa sauti, wote: Mhandisi. Basi, bila kiambatanisho.

Halafu nikachukua mtaimbo, mchi wa kinu, na Mzee Rajabu. Nilifunga uzi mwekundu kwenye mtaimbo kila shubiri moja. Nilichomeka kijiti kando yake, ili mchi uanguke kutoka kimo kilekile kila mara, kama ulivyokuwa ukifanya na nyundo. Nyundo yako sina, najua mchi si nyundo, na Wajapani watacheka. Lakini mkono uliohesabu ni wangu, na haukuhamisha kitu. Tulipima kutoka kwenye isale lililoinama, umbali uleule ulioandikwa humu daftarini kwa mwandiko wako.

Mzee Rajabu akauliza, "Mama Manka, na wewe siku hizi mhandisi?"

"Mimi ni karani wake."

Juu ya kichuguu: mapigo ishirini, na uzi wa kwanza bado unaonekana. Tukaacha, mchi utapasuka.

Pale ulipochomeka vigingi vyako siku ya kwanza: shubiri ya kwanza, mapigo manne. Ya pili, matatu. Ya tatu pigo moja, na mtaimbo ukateremka wenyewe, tukaufukuzia kwa mikono. Ulipotoka ulikuwa na maji.

Fungua ukurasa wenye namba za nyundo. Usizifute, ulinifundisha kwamba kwenye daftari la vipimo hapafutwi. Zipige mstari mmoja, na pembeni uandike zangu, na uandike aliyezipotosha zile za kwanza, jina lake lote. Hukukosea, Manka. Hata hatua moja. Ulikuwa msichana wa mwaka wa tatu, na uliijua ardhi ile kwa kiganja kimoja, kabla ya nyundo, kabla ya lori, kabla ya watu wazima wote waliokuwa wanapiga vigelegele. Wakikuuliza huko ulianzia wapi kupima, taja Kahe.

Kwenye ukurasa huo utakuta jani. Ni la isale lile lenyewe. Kwetu aliyekosa hupeleka isale kwa aliyemkosea, na sijawahi kusikia mama akimpelekea mtoto. Bibi yako akijua atasema mlima umegeuka chini juu. Na kwetu isale halikataliwi, hata kosa liwe kubwa namna gani. Lakini wewe nakupa ruhusa ambayo sikukupa mwanzo. Usilipokee kwa sababu ni desturi, wala kwa sababu ni mimi.

Lipime kwanza. Mara tatu.

Nasikia sauti ya baba yako getini, anajibizana na mtu kuhusu mkungu wa ndizi aliokupa bibi, kwamba hauwezi kuingia kwenye ndege. Utaingia. Nitaongea nao.

Mama yako,
Apolonia, Mama wa Lori